Programu na data za zoezi la rifraksheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa jiofizikia waliopewa zoezi la rifraksheni: unapiga ardhi kwa nyundo, unasoma mtetemo unavyofika kwenye jiofoni (vihisi vya mtetemo vinavyochomekwa ardhini) moja baada ya nyingine, kisha unakadiria kasi ya kila tabaka na kina chake. Kila muhula naulizwa mambo yale yale, na mengi huanza na "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu". Nimeyapanga yanavyokuja, si kwa uzito wake. Ukiwa na haraka, ruka moja kwa moja hadi swali la karatasi ya fildi, yaani maelezo yaliyoandikwa uwanjani wakati wa kupima, maana hapo ndipo wengi hujikwaa.

Mwalimu, naomba ile programu ya rifraksheni.

"Ile programu" haipo. Kuna kazi tatu, na kila moja ina chombo chake. Ya kwanza ni kufungua rekodi zilizotoka kwenye seismografu, chombo kinachorekodi mtetemo, na kuziona. Ya pili ni kupiki, yaani kuweka alama pale wimbi la kwanza linapogusa kila jiofoni na kuandika muda wake. Ya tatu ni kutafsiri: kutoka kwenye jedwali la umbali na muda hadi kwenye tabaka, kasi na kina.

Programu za kulipia huzifanya zote tatu. Ukitumia za bure utapitia mbili au tatu tofauti, na hakuna ubaya. Ila kabla ya kuomba chochote, angalia umepewa nini. Kama mkononi una jedwali la muda tayari, kazi ya kwanza na ya pili zimeshafanywa na mtu mwingine, na wewe unahangaika kupakua mzigo usio na kazi nao.

Naweza kulifanya bila programu yoyote?

Unaweza, na kwa mara ya kwanza ningependa ufanye hivyo hivyo. Chukua karatasi ya grafu, rula na penseli iliyochongwa. Tuseme pigo lilikuwa mita 0, na muda wa wimbi la kwanza kufika ulikuwa huu:

Umbali kwa mita: 3, 6, 9, 12, 15, 18, 21, 24, 30, 36
Muda kwa milisekunde: 7.5, 15.0, 22.5, 30.0, 33.6, 35.5, 37.3, 39.2, 43.0, 46.7

Umbali uweke kwenye mhimili wa ulalo, muda kwenye mhimili wa wima. Nukta nne za mwanzo zitakaa kwenye mstari mmoja unaopita sifuri. Mita 12 kwa sekunde 0.030 ni mita 400 kwa sekunde; hiyo ni kasi ya tabaka la juu, V1. Baada ya hapo mstari unajikunja na kulala zaidi, kwa sababu sasa wimbi lililopita tabaka la chini lenye kasi kubwa ndilo linalotangulia kufika. Kutoka mita 15 hadi 36 kuna mita 21, na wimbi limezimaliza kwa milisekunde 13.1, kwa hiyo V2, kasi ya tabaka la chini, ni kama mita 1,600 kwa sekunde. Sasa weka rula juu ya mstari wa pili, urudishe nyuma mpaka ukate mhimili wa muda. Utasoma takriban milisekunde 24.2. Huo tunauita muda wa mkato, ti.

Kina ni hiki: h = ti × V1 × V2 ÷ (2 × √(V2² − V1²)). Ukiweka namba zako, na usisahau kugeuza milisekunde kuwa sekunde, utapata mita 5.

Ukiulizwa maana yake, jibu lisiwe "tabaka la kwanza na tabaka la pili". Mita 400 kwa sekunde ni udongo au mchanga mkavu uliolegea. Mita 1,600 ni jirani sana na kasi ya sauti ndani ya maji, ambayo ni kama 1,500, kwa hiyo mtu wa kwanza kushukiwa ni mchanga uliojaa maji. Kisima cha jirani kitakuambia kama umekisia vizuri.

Ukitaka kutumia Excel au LibreOffice, fomula za SLOPE na INTERCEPT zinatosha. Angalia kitu kimoja: muda ukiwa kwenye wima, mteremko unaoupata ni 1 gawanya kwa kasi, si kasi yenyewe. Kila mwaka kuna ripoti inayoniletea mwamba wa mita 0.000625 kwa sekunde.

Za bure ni zipi, na ipi ni ya kazi gani?

Tatu ninazozipendekeza ni hizi.

ObsPy ni maktaba ya Python ya watu wa matetemeko. Kwa zoezi letu kazi yake ni kufungua rekodi: inasoma SEG-2 na SEG-Y (miundo ya faili za mitetemo), inachora, na inakuruhusu kuchuja kelele. Mistari mitatu ya Python na rekodi yako iko kwenye skrini.

pyGIMLi nayo ni ya Python, na hii ndiyo ya kutafsiri. Unaipa jedwali la muda, inakurudishia picha ya kasi chini ya mstari wako kwa njia ya tomografia. Ina mfano wa data za fildi uitwao koenigsee.sgt, fuata mfano huo hatua kwa hatua kabla hujagusa data zako, ili programu ikigoma ujue kosa ni lako au ni la usakinishaji.

Seismic Unix ilitoka Colorado School of Mines, Marekani. Ina nguvu sana, lakini iliandikwa zaidi kwa ajili ya kazi za mwakisiko (mawimbi yanayorudi juu kama mwangwi), na inataka mtu aliyezoea kuandika amri kwenye Linux. Kama hujazoea, iache kwanza. Zoezi ni la wiki mbili.

pyGIMLi inanigomea kwenye Windows. Nifanyeje?

Mara nyingi umeichanganya na vitu vingine ulivyokuwa umeshasakinisha. Sakinisha Miniconda, fungua dirisha lake la amri, na uitengenezee pyGIMLi chumba chake peke yake:

conda create -n pg -c gimli -c conda-forge pygimli

Ikimaliza, andika conda activate pg, na kila unapotaka kuitumia uanze kwa amri hiyo. Wanaosahau amri ya pili ndio wanaoniandikia usiku kuwa "pygimli haipo". Ipo, umeingia chumba kingine.

Kosa la pili linalofuata kwa wingi ni muundo wa faili. Faili la muda la pyGIMLi ni maandishi ya kawaida, unaweza kuliandika kwa Notepad. Linaanza na idadi ya mahali pote, pa mapigo na pa jiofoni, kisha mahali penyewe, kisha idadi ya vipimo, kisha vipimo. Nukta nne za mwanzo za mfano wetu zingeandikwa hivi:

5
#x y
0 0
3 0
6 0
9 0
12 0
4
#s g t
1 2 0.0075
1 3 0.0150
1 4 0.0225
1 5 0.0300

Herufi s ni namba ya mahali pa pigo, g ni ya jiofoni, t ni muda. Hizo 1, 2, 3 ni namba za mstari katika orodha ya juu, si mita. Na muda ni sekunde. Ukiacha milisekunde, programu haitalalamika. Itakupa tu ardhi ambayo mtetemo unatembea polepole kama mtu anayekwenda kwa miguu.

Za kulipia je? Kuna mtu kanipa iliyovunjwa kufuli kwenye flashi.

Programu kama SeisImager, ReflexW na Rayfract ni nzuri, na ukienda kufanya kazi kwenye kampuni ya upimaji huenda ukazikuta. Nyingi zinalindwa kwa kifaa kidogo cha USB: bila hicho kifaa hazifunguki au hazihifadhi. Kama chuo chako kina seismografu, muulize fundi wa maabara kabla ya kwenda mbali. Zaidi ya mara moja nimeona kifaa cha leseni kimelala kwenye droo, ndani ya boksi la nyaya, na wanafunzi wako nje wanatafuta pa kuiba programu hiyo hiyo.

Njia nyingine ni mhadhiri wako kuwaandikia wenye programu kwa barua pepe ya chuo na kueleza kuwa ni kwa mafunzo, wanafunzi wangapi, kwa muda gani. Baadhi hutoa leseni ya muda mfupi au ya bei nafuu. Barua kama hiyo ikiandikwa na mwanafunzi kwa Gmail yake mara nyingi haifiki mbali.

Ya kwenye flashi usiiguse. Sitakuhubiria. Nasema tu kwamba majibu yake huwezi kuyaandika kwenye ripoti, kwa sababu nitakuuliza ulitumia toleo gani, na virusi vinavyokuja nayo vitakula pia ripoti ya mwenzako mliyeazimana kompyuta.

Bando langu dogo. Nini cha lazima kupakua?

Kwa njia ya karatasi, hakuna. Kwa njia ya Python, kaeni kikundi: mmoja apakue Miniconda kwenye Wi-Fi ya chuo, alfajiri au usiku mtandao ukiwa mwepesi, faili la kusakinishia mgawane kwa flashi. Mazingira ya pyGIMLi yakikamilika ni mazito, yanaweza kupita gigabaiti moja, kwa hiyo usijaribu kwa bando la siku. Data zenyewe ni nyepesi mno. Rekodi moja ya chaneli 24, yaani jiofoni 24, ni kilobaiti kadhaa tu hadi mia kadhaa, inapita hata kwa WhatsApp. Ila itume kama dokyumenti na ndani ya zip. Nimeshapokea picha ya skrini ya rekodi nikiombwa niipiki.

Data za kufanyia mazoezi nizipate wapi?

Kwanza chuoni kwako. Kila kikundi kilichotutangulia kilipiga mstari mahali fulani, na data hizo ziko kwenye kompyuta ya maabara au kwa fundi. Data za uwanja unaoujua zina faida ambayo za nje hazina: unaweza kwenda kusimama pale pale, ukaona mfereji uliochimbwa, ukauliza kisima kilikutana na maji mita ngapi.

Pili, maghala ya wazi. Zenodo lina data nyingi za rifraksheni zilizowekwa na watafiti pamoja na makala zao. Tafuta kwa Kiingereza, na kabla ya kupakua soma leseni. USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, nayo huchapisha data zake, na hizo kwa kawaida hazina masharti ya hakimiliki. Ghala kubwa la data za mitetemo lililokuwa likiitwa IRIS siku hizi liko chini ya EarthScope, baada ya IRIS na UNAVCO kuungana mwaka 2023. Huko zaidi ni matetemeko na miradi mikubwa, lakini kuna vitu vya kufundishia.

Wengine hukimbilia kuandika barua TPDC au PURA, shirika la mafuta la Tanzania na mamlaka inayosimamia utafutaji wake. Sikukatazi, ila fahamu unachoomba: data za utafutaji mafuta na gesi ni za mwakisiko, za kina cha kilomita, zina masharti yake, na hata ukizipata hazitajibu swali la tabaka la mita 5.

Kati ya data nilizozipata, nitajuaje zinafaa?

Angalia mapigo. Data ya mstari mmoja yenye pigo upande mmoja tu itakudanganya kama tabaka limelala mshazari: ukipiga kutoka juu kwenda chini kasi inaonekana ndogo kuliko ilivyo, ukigeuza inaonekana kubwa. Kwa hiyo tafuta data zenye pigo kila mwisho wa mstari, na la katikati likiwepo ni bora zaidi. Kisha kagua hivi: muda kutoka mwisho A hadi mwisho B lazima ulingane na muda kutoka B hadi A, kwa sababu njia ni ile ile. Ukikuta 46 upande mmoja na 53 upande wa pili, kuna mtu kapiki vibaya, au saa haikuanza pamoja na nyundo.

Angalia pia urefu wa mstari. Ukitaka kuona mwamba ulio mita 15 chini, mstari wa mita 30 haukufikishi. Mara nne au tano ya kina ni kipimo cha kuanzia.

Kwa nini unang'ang'ania karatasi ya fildi? Si kila kitu kipo ndani ya faili?

Hapana. Ndani ya faili kuna kile alichokiandika mtu aliyeshika kompyuta jua la saa saba likimwaka utosini.

Nitasimulia. Mwaka mmoja nilipewa data za mstari uliopigwa Dodoma. Faili safi, chaneli 24, na kwenye kichwa cha faili imeandikwa jiofoni ziko kila mita 3. Karatasi ya fildi haikuja. Tukapiki, tukachora, tabaka la chini likatoa mita 1,800 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mtu yeyote angesema mchanga uliojaa maji, na sisi tukasema. Wanafunzi walishaanza kuandika sura ya mapendekezo na mahali pa kuchimba kisima.

Aliyetuokoa ni binti mmoja aliyekaa nyuma, aliyekuwa akihangaika na kelele kwenye rekodi. Akauliza, "Mwalimu, hiki kitu kinachokuja baadaye, kikali, kilichonyooka kama rula, ni nini?" Nikamwambia ni sauti ya nyundo ikipita hewani. Akasema, "Mbona kasi yake ni 207?"

Sauti hewani haiendi mita 207 kwa sekunde. Kwa joto letu ni kama 345. Gawanya 345 kwa 207, unapata 1.67, ambayo ni 5 gawanya kwa 3. Jiofoni zilikuwa kila mita 5. Aliyerekodi aliacha mpangilio wa kazi ya jana yake. Kasi ya tabaka la chini haikuwa 1,800 bali 3,000, ambao ni mwamba, na kina nacho kikaongezeka kwa kiwango hicho hicho. Maji yetu yakayeyuka.

Tangu siku hiyo, rekodi yoyote ya nyundo naianzia kwenye sauti ya hewani. Ni rula uliyopewa bure ndani ya kila data. Isipokupa kitu kati ya 330 na 350, simama, usiendelee na lolote.

Karatasi ya fildi iwe na haya: nafasi kati ya jiofoni, mahali pa kila pigo kwa mita na jina la faili lake, jiofoni iliyokufa au iliyogeuzwa nyaya, mwinuko wa ardhi kama si tambarare, muda wa kuchelewa kwa kianzio (kinachowasha saa nyundo inapogonga) kama uliwekwa, na kilichotokea, kama vile "faili 7 libovu, lori limepita". Data zisizo na karatasi hii zinaweza kufaa kufundishia kupiki. Kwa kutafsiri, mimi sizichukui.

Faili langu linaishia na .dat na Excel inaonyesha madudu.

Hilo ni SEG-2, muundo uliowekwa mwaka 1990 kwa ajili ya seismografu ndogo za kazi za juujuu. Linaweza kuishia na .dat au .sg2. Si maandishi, kwa hiyo Excel hailiwezi. Lifungue kwa ObsPy. SEG-Y, la mwaka 1975, ndilo la watu wa mafuta: linaanza na kichwa cha maandishi cha baiti 3,200, kinafuata cha baiti 400, halafu rekodi ya kila chaneli ina kichwa chake cha baiti 240. Ukilibadilisha la kwanza kuwa la pili, hakiki kwamba umbali haukupotea njiani. Mara nyingi hupotea.

Nimesikia kuhusu KRISP ya Kenya. Naweza kuitumia?

Kusoma, isome bila kukosa. KRISP ilikuwa kazi kubwa ya kupima ganda la dunia chini ya Bonde la Ufa, kwa awamu mwaka 1985, 1990 na 1993–94. Badala ya nyundo walitumia baruti, na baadhi ya milipuko ilifanywa ndani ya maziwa, Turkana, Baringo, Naivasha na Victoria yakiwemo, kwa sababu maji hupeleka nguvu ardhini vizuri. Ndiyo iliyoonyesha kuwa ganda lenye unene wa kama kilomita 35 upande wa kusini wa bonde linapungua hadi kama kilomita 20 chini ya Turkana.

Fizikia ni ile ile ya rula na penseli. Ila umbali ni mamia ya kilomita, na grafu zao zimechorwa kwa muda uliopunguzwa: kila nukta imetolewa umbali gawanya kwa kasi fulani iliyochaguliwa, ili mistari isipande hadi nje ya karatasi. Ukisoma kasi moja kwa moja kwenye grafu hizo bila kujua hilo, utapata kasi hasi na kuniletea malalamiko.

Kuna data fupi, ya kweli, inayovutia kuliko uwanja wa mpira wa chuo?

Mwezi. Februari 1971, kwenye safari ya Apollo 14, mwanaanga Edgar Mitchell alitembea kando ya waya wa takriban mita 90 wenye jiofoni 3, akiwa na fimbo ya kupigisha ardhi kwa fataki ndogo. Fataki zilikuwa 21. Zilizolipuka ni 13. Hata safari ya Mwezini ina faili bovu.

Majibu yaliyochapishwa: tabaka la juu mita 104 kwa sekunde, unene mita 8.5, na chini yake mita 299 kwa sekunde. Zoezi ni kurudi nyuma: kwa namba hizo tengeneza jedwali la muda. Mkato unatakiwa utoke kama milisekunde 153, na mahali mistari miwili inapokutana kama mita 24. Ukipata hivyo, fomula umezielewa. Na ile rula yangu ya sauti ya hewani huko haipo, kwa sababu hewa haipo.

Chuo chetu hakina seismografu. Simu inaweza?

Kwa kuonyesha darasani kwamba ardhi inatikisika, ndiyo. Kwa kupima, hapana. Kihisi cha mtikisiko cha simu nyingi husoma mara 100 hadi 200 kwa sekunde, yaani kipimo kimoja kila milisekunde 5 hadi 10. Rudi kwenye jedwali letu: kati ya mita 15 na 24 tofauti nzima ni milisekunde 5.6. Simu haiioni.

Lakini kadi ya sauti ya kompyuta husoma mara 44,100 kwa sekunde, na hiyo inatosha na kubaki. Unahitaji jiofoni 2, waya mrefu wenye kinga, tundu la sauti la stirio la kuingizia, na Audacity ambayo ni ya bure. Jiofoni moja iweke karibu kabisa na bamba la kupigia, iingie chaneli ya kushoto: hiyo ndiyo saa yako. Ya pili ichomeke mbali, iingie kulia. Piga, rekodi, pima tofauti ya muda kati ya kushoto na kulia. Kisha sogeza bamba na jiofoni yake mita 3, upige tena. Jiofoni ya mbali usiiguse; kwa kuwa njia haibadiliki ukibadilisha mpigaji na msikilizaji, jedwali unalopata ni sawa na la mtu mwenye jiofoni 12 zilizotandazwa. Ni kazi ya asubuhi nzima na mgongo utauma, lakini inafanya kazi.

Tahadhari mbili. Jiofoni iliyo karibu na bamba hutoa volti nyingi, kwa hiyo weka kizuizi cha umeme kabla haijaingia kwenye kompyuta, la sivyo utaua tundu. Na zima ile mipangilio ya kompyuta ya kusafisha sauti, kwa sababu kwake pigo lako la nyundo ni kelele.

Kutumia data za kutengeneza kwenye kompyuta si kudanganya?

Si kudanganya ukisema. Data za kutengeneza ni nzuri kwa kujipima, kwa sababu jibu unalijua. Udanganyifu ni kuzitengeneza halafu kuandika "zilipimwa uwanja wa nyuma ya bweni". Na zinajulikana upesi: nukta zote zimekaa juu ya mstari, hakuna bodaboda iliyopita, hakuna jiofoni mbovu. Uwanja wa nyuma ya bweni hauko hivyo.

Mimi na mwenzangu tumetumia data moja, yeye kapata tabaka tatu, mimi mbili.

Huenda wote mko sawa. Tabaka jembamba linaweza kufichika kabisa, kwa sababu wimbi lake haliwahi kufika la kwanza kwenye jiofoni yoyote. Na tabaka lenye kasi ndogo likikaa chini ya lenye kasi kubwa, njia hii haina jinsi ya kuliona, kwani wimbi halirudishwi juu. Pwani jambo hili si la kufikirika: tabaka gumu la chokaa ya matumbawe linaweza kulalia mchanga laini. Andikeni kila mmoja sababu zake, na kosa la vipimo lililobaki kati ya modeli na data kwa milisekunde. Kama kosa la wote wawili ni dogo kuliko kosa lenu la kupiki, data haiwezi kuwaamulia. Tafuteni kisima.

Nikabidhi nini?

Folda moja yenye rekodi ghafi usizozigusa, karatasi ya fildi iliyopigwa picha inayosomeka, jedwali la muda, grafu, na ripoti. Taja programu na toleo lake. Kama data si zako, taja mwenye nazo na leseni yake. Jina la folda liwe namba yako ya usajili. Nina folda kumi na moja zinazoitwa "final".